Njia ya baiskeli ya mlimani ni nini, na kwa nini si kila kijia kinafaa

Ukisema "njia" Lushoto au Mlalo, watu wanaelewa kijia cha miguu: kinatoka nyumbani hadi shambani, shambani hadi sokoni, kwa mkato uliopo, na mlima ukisimama nacho kinasimama nao. Mwendesha baiskeli ya mlimani akitaja njia ana kitu kingine kichwani. Anamaanisha ukanda mwembamba wa udongo mgumu, kwa kawaida sentimita 30 hadi 90, wa kupita mmoja mmoja, unaokata ubavu wa mlima kwa mshazari badala ya kuupanda wima, na uliochongwa ili maji yauvuke bila kusafiri juu yake. Hilo la mwisho ndilo kiini cha maana yenyewe. Kona, mawe na vituta vya kurukia ni mapambo. Njia isiyo na pa kupeleka maji itageuka korongo baada ya masika mawili matatu, hata iwe ilipendeza vipi siku ya kwanza.

Maji hufuata mkondo, na mlimani mkondo ni kule ambako chungwa lingeviringika ukiliachia. Kijia kilichofuata mwelekeo huo kinayapokea maji juu na hakiyaachii hadi bondeni. Kadiri yanavyoshuka yanaongeza kasi, na kadiri kasi inavyopanda yanaweza kubeba chembe kubwa zaidi: kwanza vumbi, halafu mchanga, mwisho kokoto. Baiskeli inaharakisha kazi hiyo. Breki ya nyuma ikibana hadi gurudumu likaburuzika, udongo wa juu unalegea, na mvua inayofuata inaukuta uko tayari kubebwa. Udongo mwekundu wa Usambara ukikauka ni mgumu karibu kama sakafu, lakini mfereji ukishachimbika haufukiki wenyewe.

Mteremko hutajwa kwa asilimia: mita ngapi unapanda au kushuka kwa kila mita 100 zilizopimwa kwa usawa. Kuupima hakuhitaji kifaa cha gharama. Chukua fito iliyonyooka ya mita 1, weka pima maji juu yake, gusisha ncha moja na ardhi upande wa juu, inua ncha ya pili mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima pengo lililobaki chini yake. Pengo la sentimita 10 ni asilimia 10. Mkulima aliyewahi kupanga matuta kwa ile fremu ya herufi A, yenye miti mitatu, kamba na jiwe, anaifahamu kazi hii tayari. Tofauti ni kwamba yeye anatafuta mstari usiopanda wala kushuka, na mchora njia anatafuta unaoshuka kidogo.

Kidogo kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu jibu linategemea ubavu wa mlima kabla ya njia. Kanuni inayotumika ni ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu inaoukata. Ubavu ukiwa na asilimia 40, njia isipite 20. Ubavu ukiwa na asilimia 12, njia isipite 6. Kwa hiyo ardhi iliyolala inahitaji njia iliyolala zaidi, jambo linaloonekana kinyume mpaka uangalie maji. Kwenye ubavu mkali yanavuka njia na kuendelea chini, kwa kuwa huko ndiko kuliko rahisi. Kwenye ubavu wa pole, njia yenyewe ndiyo rahisi, basi yanaishika. Juu ya kanuni hiyo kuna dari: wastani wa njia nzima usizidi asilimia 10 hivi, na vipande vya 15 viwe vifupi, juu ya mwamba au udongo uliojaa changarawe.

Uchongaji wenyewe unafanana na kilimo cha milimani kuliko ujenzi wa barabara. Kwanza yanaondolewa majani, mizizi na udongo mweusi wa juu, kwa sababu mboji hunyonya maji na kubonyea. Kisha ubavu unakatwa hadi upana wote wa njia ulale juu ya ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Wenye haraka hukata nusu tu, na nusu ya nje wanaijaza kwa udongo waliouchimba. Inaonekana sawa kwa miezi michache, halafu ukingo wa nje unatitia na waendeshaji wanasogea ndani mmoja baada ya mwingine. Udongo uliochimbwa hutupwa upande wa chini, kama kwenye matuta ya fanya chini, ila hapa husambazwa mbali, usiachwe kuwa tuta kando ya njia. (Fanya juu na fanya chini ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyoingia kwenye vitabu vya hifadhi ya udongo duniani bila kutafsiriwa, yakitokea Machakos.) Ukuta wa upande wa mlima nao hulazwa. Ukiachwa wima, mvua itauangusha juu ya njia.

Uso wa njia huinamishwa kuelekea nje kwa asilimia 5. Kwa njia ya sentimita 60, ukingo wa nje unakuwa chini kwa sentimita 3 tu kuliko wa ndani, kiasi ambacho jicho halikioni lakini maji yanakiona. Shida ni kwamba mwinamo huo haudumu. Tairi na miguu hushindilia katikati, ukingo wa nje unabaki juu kama mdomo wa sahani, na maji yanaanza kutembea. Ndiyo maana njia hupewa pia kivunja mteremko: inashuka, inapanda kwa hatua chache, inaendelea kushuka, na sehemu ya chini kabisa ya bonde hilo dogo imefunguliwa upande wa nje. Vivunja mteremko hupangwa kila mita 6 hadi 15, karibukaribu pale udongo unapobomoka kirahisi. Kila kimoja kinapokea maji ya kipande chake tu, basi hayapati nafasi ya kukua.

Kivunja mteremko si mtaro. Mtaro uliokatizwa njiani, au gogo lililolazwa, hujaa tope ndani ya msimu mmoja. Maji yanapita juu yake na tairi linagonga. Bonde zuri lina urefu wa mita kadhaa, na mwendeshaji analipita bila kusimama kwenye pedeli. Panapoziba kwanza ni mdomo wa kutolea maji: majani yanakamata tope, tope linaotesha nyasi, nyasi zinakuwa ukuta. Jembe moja kwa dakika tano linaumaliza ukuta huo, ikiwa kuna anayekumbuka kuja.

Kona zina ugonjwa wake. Kipande kirefu kilichonyooka kikiishia kwenye kona kali, kila mtu anafunga breki mahali palepale, na baada ya muda ardhi inakuwa na mawimbi kama bati. Kusawazisha mawimbi hakusaidii, yatarudi. Kinachosaidia ni kumpunguza mwendeshaji kasi kabla hajafika, kwa kupinda njia mapema au kuipandisha kidogo. Na maji yageuzwe nje ya njia kabla ya kona, kwa sababu ndani ya kona yenye tuta hayana pa kutokea.

Ugumu wa njia huonyeshwa kwa rangi, utaratibu uliotokana na viwanja vya kuteleza kwenye theluji. Uingereza hutumia kijani, bluu, nyekundu na nyeusi. Marekani hawana nyekundu: wana duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, kisha almasi mbili. Kwa vipimo vya IMBA, chama cha kimataifa cha mchezo huu kilichoundwa mwaka 1988, njia ya kijani ina upana wa sentimita 90 au zaidi, wastani wa mteremko usiozidi asilimia 5, na vizuizi visivyokwepeka havizidi sentimita 5. Ya bluu inashuka hadi upana wa sentimita 60, wastani wa asilimia 10 na vizuizi vya sentimita 20. Nyeusi ni upana wa sentimita 30, wastani wa 15, vizuizi vya sentimita 38. Rangi haipimi urefu wa safari wala joto, basi njia ya bluu ya kilomita 30 yenye mita 1,000 za kupanda inaweza kumchosha mtu kuliko nyeusi ya kilomita 4.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa kwenye njia nyembamba. Mbio za Repack za kaunti ya Marin, California, zilizoanza mwaka 1976, zilishuka barabara ya zimamoto. Jina lilitokana na breki za kukanyaga nyuma: zilichemka mpaka grisi ikaungua, na kitovu cha gurudumu kikahitaji kupakiwa grisi upya, kwa Kiingereza "repack". Somo la joto bado lipo. Ukishuka ukingo wa Mtae kuelekea tambarare za Mkomazi kwa breki za mpira, bana na kuachia badala ya kushikilia, maana ringi likichemka tyubu inaweza kupasuka.

Vijia vingi vya Usambara havina rangi wala kibao, na havikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Ni vya wenyeji. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hawezi kuangalia miguuni wala kurukia pembeni, kwa hiyo baiskeli ndiyo inayosimama: shuka, simama upande wa bonde, yeye apite upande wa mlima. Kengele ipigwe mbali, siyo mgongoni kwake. Baina ya waendeshaji, anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa aliyesimama katikati ya mlima hupata shida kuanza tena.

Wakati wa masika, na siku za vuli zenye mvua nzito, kipimo ni alama ya tairi. Ikiacha mfereji wa kina cha sentimita 1 au zaidi, au tope likianza kujaa kati ya tairi na fremu, geuza. Tope hilo likikauka kwenye mnyororo linasaga meno ya gia, na mfereji ulioacha utakuwa mkondo wa mvua ya jioni. Mkaguzi wa njia, kinyume chake, huenda mvua ikiwa inanyesha, kwa miguu, jembe begani, akifuata maji yalipoingia mpaka yalipotokea.