Kisasa kinapozeeka

Kiswahili chetu kinatutega kidogo hapa. Tunasema "sanaa ya kisasa" kwa mchoro wa Picasso wa mwaka 1907, na tunasema vivyo hivyo kwa video iliyowashwa ukutani wiki iliyopita, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Lugha nyingine zina majina mawili, na watu wamewahi kugombana hadharani juu yake. Taasisi moja ya Boston, Marekani, iliyoanzishwa 1936, ilibadili jina lake mwaka 1948: viongozi wake waliona lile neno la "kisasa" limeshakuwa jina la mtindo fulani, wakachukua neno lenye maana ya kitu cha wakati wetu huu. Wasanii wengi walikasirika, mzozo ukawa mkubwa. Mimi hapa nitaiita sanaa ya zama hizi, nanyi mnivumilie.

Lakini neno linalonisumbua zaidi ni lile jingine, makumbusho. Linatokana na kukumbusha. Sasa utamkumbushaje mtu jambo ambalo bado halijapita? Kazi yangu ni utunzaji, yaani kupokea kazi za sanaa, kuandika hali zake na kuzilinda ghalani, na swali hilo hunirudia karibu kila juma.

Waliojaribu kulijibu mapema ni watu wa Paris. Mwaka 1818 kasri la Luxembourg, mjini humo, lilifunguliwa kuwa makumbusho ya wasanii walio hai, na likafanya kazi kama chumba cha kungojea. Msanii akishafariki na miaka kadhaa ikapita, kazi zake zilizohesabiwa kuwa bora zilihamia Louvre, makumbusho makuu ya Paris. Olympia, mchoro wa Mfaransa Manet, ilipitia humo. Ilikuwa imezua kashfa kwenye maonyesho ya 1865, na mwenyewe akafariki 1883. Mwaka 1890 mchoraji mwenzake Monet, baada ya kuchangisha fedha kwa marafiki, akaikabidhi kwa taifa la Ufaransa. Luxembourg wakaipokea. Ilipoingia Louvre ulikuwa mwaka 1907.

New York walikuja na hesabu kama hiyo, ila kwa mwendo wa kasi. MoMA, jumba lao la sanaa ya kisasa, ilifunguliwa Novemba 1929, siku chache baada ya soko la hisa kuporomoka. Waanzilishi walikuwa wanawake watatu, Abby Aldrich Rockefeller, Lillie Bliss na Mary Quinn Sullivan, na ukurugenzi wakampa kijana wa miaka 27, Alfred Barr. Mwaka 1933 Barr alichora mkusanyiko wa jumba lake kama kombora la majini linalosafiri ndani ya wakati: pua yake ni leo, mkia wake ni miaka 50 hadi 100 iliyopita. Kilichoachwa nyuma ya mkia kingehamia kwa jirani, makumbusho ya Metropolitan. Mwaka 1947 majumba hayo yakaandikiana mkataba kabisa. Kufikia 1953 MoMA walikuwa wameukana. Siwashangai. Nani atampa jirani mchoro wake wa Cézanne kwa moyo mkunjufu?

Wengine waliamua wasiweke akiba kabisa. Jumba la sanaa ya zama hizi la Chicago lilianza 1967 bila mkusanyiko wowote, maonyesho yanakuja na kuondoka. Mwaka 1969 msanii Christo akalifunga jengo lenyewe kwa turubai na kamba. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 nao walikuwa wameanza kukusanya. Marcia Tucker, aliyeanzisha New Museum huko New York mwaka 1977, alikuwa na wazo la ujasiri zaidi: kununua kazi, kukaa nazo takriban miaka kumi, kisha kuziuza ili kununua mpya. Nalipenda wazo hilo kuliko yote. Tatizo ni kwamba kazi ikishakaa miaka kumi ndipo watu wanapoanza kuielewa, na ndipo mtu kama mimi anapoanza kuona inavyochakaa.

Na zinachakaa kweli. Mchoro wa rangi ya mafuta wa miaka 400 hunipa shida ndogo kuliko kitu cha 1969. Mwaka huo msanii Eva Hesse alitengeneza Expanded Expansion: vitambaa vyepesi vilivyopakwa utomvu wa mpira, vikining'inia kati ya fito za faibaglasi, vikiweza kukunjuliwa na kubanwa kama pazia. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 34, akijua kabisa kwamba mpira haudumu. Hewa na mwanga huula. Kwanza hunata, kisha hugeuka kahawia, kisha hukakamaa na kuvunjika. Jumba la Guggenheim la New York lilikaa na kazi hiyo ghalani zaidi ya miaka 30 kabla ya kuitoa tena 2022, baada ya matengenezo marefu.

Nami niliwahi kufungua sanduku la kazi ya mpira ya namna hiyo. Harufu ilitangulia, kama ya tairi kuukuu lililokaa juani. Chini ya sanduku kulikuwa na unga wa kahawia. Niliufagia kwa brashi laini, nikautia kwenye mfuko, nikaupa namba, maana kwa taratibu zetu ule unga bado ni sehemu ya kazi ya msanii.

Ndiyo sababu siku hizi tunamhoji msanii siku ile ile kazi inapoingia. Taa ikiungua tutafute ya aina ile ile, au rangi ile ile yatosha? Ukuta ukiwa mfupi tufanye nini? Kazi ikioza, tuiache? Msanii mmoja nilimuuliza kuhusu runinga zake za kizamani, zile zenye mgongo mnene, ambazo viwanda vimeacha kuzitengeneza. Akasema niendelee kununua zilizotumika mpaka zitakapokwisha sokoni, kisha ya mwisho niiweke pale pale imezimwa. Nimeandika hivyo kwenye jalada, akatia saini. Ghalani zimebaki nne.