Kibadala cha kiungo maana yake nini hasa? Tuchukue mfano wa zafarani

Watu wengi wakisikia kibadala wanadhani kuna orodha imeandikwa mahali, ukikosa hiki tia kile, kijiko kwa kijiko, mambo yameisha. Jikoni haiendi hivyo. Kiungo kimoja kwenye sufuria mara nyingi kina kazi zaidi ya moja, kinatia rangi, kinatia harufu, kinaacha ladha ulimini, saa nyingine kinakata shombo ya samaki au harufu ya nyama, sasa kibadala ni kitu chochote kitakachoshika ile kazi unayoitaka wewe kwenye chakula kile unachopika siku ile. Ukibadili chakula, kibadala nacho kinaweza kubadilika hata kama kiungo ulichokosa ni kilekile.

Zafarani inaonyesha jambo hili vizuri kwasababu bei yake inamsukuma karibu kila mtu atafute njia nyingine. Zile ni nyuzi nyekundu za katikati ya ua la zambarau, kila ua lina nyuzi 3 tu, zinatolewa kwa mkono halafu zinakaushwa zinabaki nyepesi mno, yaani kilo moja inakula maua zaidi ya 100,000. Nyingi inatoka Iran, halafu kuna Kashmir, Afghanistan, Hispania na kwengineko. Sisi pwani hatuilimi ila tunaijua toka zamani, kwenye wali wa biriani, kwenye halua, kwenye maziwa ya moto, na Waomani wengine wanaitia hata kwenye kahawa pamoja na iliki.

Ndani ya uzi ule mdogo kuna vitu vitatu vinavyofanya kazi tatu tofauti. Kuna krosini, hiyo ndo rangi. Kuna pikrokrosini, huo ndo ule uchungu mdogo unaousikia nyuma ya ulimi. Na kuna safranali, hiyo ndo harufu, na inatokana na ile pikrokrosini wakati nyuzi zinakaushwa, ndo maana zikiwa mbichi hazinukii vile. Hata kipimo cha kimataifa cha ubora wa zafarani, kile cha ISO 3632, kinapima hivi vitatu kila kimoja peke yake. Sasa tafuta kabatini kwako kitu kimoja chenye vyote vitatu, hutokipata, hakipo. Kwahiyo anayekwambia "manjano ndo zafarani ya maskini" kakupa theluthi moja tu ya jibu.

Na hiyo theluthi yenyewe ina masharti yake. Krosini inayeyuka kwenye maji, ndo maana zafarani unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu au maziwa au marashi ya waridi, unaiacha robo saa hivi mpaka itoe rangi, kisha unamwagia. Manjano tabia yake ni nyingine kabisa, rangi yake haipendi maji, inapenda mafuta. Ukiikoroga kwenye maji unapata tope la njano linalotua chini ya kikombe na ukilimwagia kwenye wali linakaa madoa madoa yenye ladha ya udongo, watu wanalaumu manjano wakati kosa ni la njia. Ipashe kwanza kwenye samli, moto mdogo, kidogo sana, kilo ya mchele robo kijiko cha chai kinatosha kabisa, halafu ndo unanyunyizia mistari mistari juu ya wali ulioiva kabla hujafunika na kupalia. Usiitie kwenye maji ya kuchemshia mchele, wali wote utakuwa wa njano na biriani yetu uzuri wake ni kuona punje nyeupe na za rangi zimechanganyika. Kingine, manjano ikikutana na magadi inageuka nyekundu ya kutu, hii haihusu biriani ila wanaotia manjano kwenye keki au mikate yenye magadi soda wajue wasije wakashtuka.

Kuna kibadala cha rangi ambacho binafsi nakipenda kuliko manjano nacho ni mzingefuri. Ukienda mashamba ya viungo Unguja watakuonyesha, ule mti wenye matunda ya manyoya manyoya, ndani mbegu nyekundu, wageni wanapakwa midomoni wanachekeshwa wanapigwa picha, basi. Lakini zile mbegu ni rangi ya chakula inayotumika duniani kote, jibini na siagi nyingi za viwandani zinapata umanjano wake humo. Nayo inatoka kwenye mafuta, kaanga mbegu kijiko kimoja kwenye mafuta ya moto wa wastani, yakishakuwa ya rangi ya machungwa chuja utupe mbegu, usiache ziungue zikawa nyeusi maana zinatia uchungu mbaya. Uzuri wake haina ladha kali, kwahiyo haigombani na masala.

Halafu kuna ile rangi ya unga ya dukani, wengi tunaita rangi ya biriani. Kuna watu wanaidharau, mi siidharau sana, kwasababu biriani ya shughuli ya watu mia tatu nani atainunulia zafarani? Na hili si la kwetu tu, Hispania penyewe inakolimwa zafarani nyumba nyingi wanapika paella, ule wali wao maarufu, kwa rangi ya unga. Ila jua kwamba unanunua rangi tupu, harufu hamna hata chembe, na zile za njano na machungwa mara nyingi ni tatrazini na wenzake, yaani rangi zinazotengenezwa viwandani, ambazo kule Umoja wa Ulaya tangu 2010 lazima pakiti iandikwe tahadhari kwamba zinaweza kuathiri utulivu wa watoto. Tia kwa ncha ya kijiko, si kwa kijiko.

Tukija kwenye harufu hapo ndo pagumu. Ile harufu ya zafarani, kama majani makavu yaliyochanganywa na asali, hamna kitu kingine kinachoitoa. Hapa kibadala kinageuka maana kidogo, huleti harufu ileile, unaleta harufu nyingine inayokaa vizuri mahali palepale pasibaki wazi. Iliki iliyosagwa sasa hivi pamoja na marashi ya waridi matone machache juu ya wali wa biriani inafanya kazi hiyo vizuri sana, na mtu akifunua sufuria hatouliza zafarani iko wapi.

Kwenye halua pia unaweza kupona, maana halua ina iliki, ina kungumanga, ina samli nyingi, zafarani pale ni mmoja wa wenyeji wengi. Lakini maziwa ya zafarani? Hapo kuna maziwa na sukari tu na kiungo chenyewe, ukikitoa umetoa kinywaji chote. Mwenye kutia manjano humo amepika maziwa ya manjano, kinywaji kizuri tu, wengi wanakunywa wakiwa na mafua, lakini akipe jina lake. Kwenye chakula cha namna hii ambacho kiungo ndo mwenye nyumba, ushauri wangu ni pika kitu kingine siku hiyo.

Njia ambayo naona watu hawaitumii ya kutosha ni kugawa kazi. Una nyuzi sita saba tu zimebaki kwenye kichupa, usizidai rangi, hazitoshi. Ziponde na sukari punje chache, ziloweke kwenye maziwa ya uvuguvugu zikupe harufu, na rangi waachie manjano au mzingefuri. Unapata biriani inayonukia zafarani ya kweli kwa gharama ndogo mno.

Tutenganishe kibadala na udanganyifu lakini, maana kwenye zafarani vinakaa karibu. Kuna ua linaitwa kartamu, petali zake zikikauka ni nyekundu machungwa, zinatoa umanjano kidogo, harufu karibu hamna. Ukilinunua kwa jina lake ni kibadala cha rangi cha bei rahisi, ukiuziwa kwa jina la zafarani umeibiwa. Wizi huu ni wa zamani, mji wa Nuremberg huko Ujerumani kwenye miaka ya 1400 kuna wafanyabiashara walichomwa moto kwa kuchakachua zafarani. Wewe tia uzi kwenye maji ya baridi uangalie: ya kweli inatoa rangi pole pole ya dhahabu na uzi unabaki mwekundu, iliyopakwa rangi inamwaga wekundu papo hapo na uzi unapauka. Na kama ni petali utaona bapa nyembamba, wakati uzi wa zafarani ncha moja imepanuka kama tarumbeta.

Si kila kiungo ni kigumu hivi. Vingine vinapokezana kirahisi kwasababu ndani vina kitu kilekile, mchaichai na ganda la limau vyote vina sitrali, ndo ile harufu ya limau, ndo maana mchuzi wa nazi uliokosa limau ukitiwa bua la mchaichai husikii tofauti kubwa, ila ukali wa limau itabidi uutafute kwengine. Jani la mdalasini nalo ukilisugua mkononi linanukia karafuu kuliko linavyonukia mdalasini, maana lina yujenoli nyingi kama karafuu, kwahiyo pilau iliyokosa karafuu jani bichi moja mawili yanaisogeza. Iliki ndo imekaa katikati. Kwenye maandazi, mdalasini na kungumanga kidogo vinatosha kushika nafasi yake, ila ile iliki nyeusi kubwa inayouzwa maduka ya Wahindi usidanganyike na jina, ile inakaushwa kwa moto wa kuni, ina moshi, itie kwenye nyama inayochemka muda mrefu, kwenye maandazi utakula andazi linalonukia jiko la mkaa.