Propela ya kubana: maana yake na namna ya kuing'oa

Droni nyingi kubwa hufunga propela zake kwa nati au skrubu. Ile ndogo inayokaa kiganjani ukiigeuza huku na huku huoni cha kufungua. Hiyo ndiyo propela ya kubana: tundu la kitovu chake ni jembamba kidogo kuliko shafti ya mota, likasukumwa kwa nguvu hadi likaingia. Kinachoishikilia ni msuguano tu, sawa na beringi ambayo fundi wa pikipiki huipiga presi.

Utajiuliza mbona haichomoki angani wakati kazi yake ni kuvuta juu. Chukua Tello, droni ndogo yenye gramu 80 hivi. Ikiwa imetulia hewani, kila propela kati ya zile nne inabeba gramu 20 tu, na msuguano wa kitovu una nguvu kuliko hizo mara nyingi. Kidole chako, kwa upande mwingine, kinavuta kilo nzima bila wewe kujua. Hapo ndipo balaa linapoanza.

Shafti ya droni hizi ni kijiti cha milimita 1, au 1.5 kwa nyingi za mota zisizo na brashi (vile vipande vinavyogusana na kupeleka umeme ndani ya mota). Ukikamata panga moja ukavuta, propela inainama upande, na shafti inainama nayo. Yangu ya kwanza niliing'oa hivyo. Jicho halikuona kasoro yoyote, ila ilipowashwa ikanguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na haikutulia tena angani. Wakati mwingine ni mota nzima inayochomoka kwenye fremu, na nyaya zake nyembamba kama nywele zinakatika.

Kwa hiyo toa betri kwanza, kisha tumia wenzo. Tello huja na kifaa chake kidogo chenye ncha mbili kama uma. Ncha hupita chini ya kitovu, moja kila upande wa shafti, halafu unanyanyua taratibu, unageuza propela nusu mzunguko, unanyanyua tena. Siri yote ni kusukuma pande mbili kwa usawa ili kitovu kinyanyuke wima. Kwenye mota isiyo na brashi ncha huegemea kengele yake, yaani ganda la nje linalozunguka, ambayo imekaa kwenye shafti hiyohiyo, kwa hiyo beringi haziumii. Mota ya brashi haina bahati hiyo. Shafti bado inavutwa pamoja na koili iliyo ndani, basi usikurupuke.

Kama huna kifaa hicho, ile kadi ya plastiki uliyobandua laini ya simu inafaa sana. Haifiki unene wa milimita 1, na ukiikata mfereji kwa mkasi una uma wako. Bisibisi mbili bapa zikinyanyuliwa pamoja nazo zinafanya kazi. Koleo liache kwenye sanduku.

Mara nyingi utakachokikuta chini ya propela ni nywele zilizojisokota kwenye shafti. Zinaikaba, mota inapata moto na betri inaisha mapema. Zitoe kwa kibano kabla ya kurudisha.

Wakati wa kurudisha, kumbuka propela mbili huzunguka kulia na mbili kushoto. Nyingi huandikwa A na B. Ukizichanganya, droni itapinduka papo hapo ikijaribu kuruka. Na tundu likishalegea kwa kung'olewa mara nyingi, nunua mpya, usiibandike kwa gundi. Gundi ikichuruzika hadi kwenye mota, umepoteza vyote viwili. Sukuma wima kwa kidole gumba, acha upenyo mwembamba kama karatasi juu ya mota, kisha puliza: propela izunguke yenyewe bila kukwaruza.