Mtoto haletwi peke yake: dhana potofu kuhusu mwanasaikolojia wa watoto katika jamii

Katika wilaya nyingi za Tanzania mwanasaikolojia wa watoto hana jengo lake. Leo yuko kwenye chumba alichoazimwa kliniki ya mama na mtoto, kesho ofisi ya ustawi wa jamii, keshokutwa ameketi nyuma ya darasa la pili akitazama watoto wakisoma. Kwa kuwa hachomi sindano wala hatoi damu, watu hubaki kukisia anafanya nini. Haya ndiyo yanayosemwa zaidi, na hali ilivyo.

"Huyo ni daktari wa vichaa"

Si daktari, na haandiki dawa. Dawa ni kazi ya tabibu au daktari bingwa wa afya ya akili. Skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mgonjwa husikia sauti zisizokuwepo, ni nadra mno kabla ya miaka 13. Foleni ya kila siku ni ya anayekojoa kitandani, anayegoma shule, aliyenyamaza tangu msiba, anayepiga wenzake, aliyefika darasa la tatu hajui kusoma, na mwenye kifafa aliyerudishwa nyumbani kwa sababu walimu wanamwogopa.

"Kazi yenyewe ni kuongea na mtoto"

Ziara ya kwanza huchukua dakika 60 hadi 90, na muda mwingi ni wa mlezi. Mtoto wa miaka 6 huchoka na maswali ndani ya dakika 20. Baada ya hapo achore, apange vizibo vya soda, acheze na mdogo wake huku akitazamwa.

Mlezi anaulizwa kwa mpangilio. Mimba ilikuwaje? Mtoto alilia mara tu alipozaliwa, au alichelewa? Aliwahi kulazwa kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo? Alikaa lini, alitembea lini, aliunganisha maneno mawili lini? Ambaye hakuweza kukaa mwenyewe kufikia miezi 9, kutembea kufikia miezi 18, au kusema "mama njoo" kufikia miaka 2, anahitaji kuonwa na daktari hata kama leo ameletwa kwa jambo jingine. Kadi ya kliniki iwe mezani, maana mama wa watoto watano huweza kumtaja mmoja kwa tarehe za mwingine.

Kisha masikio na macho, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara husikia nusu nusu. Hafuati maagizo, anachelewa kujibu, anaitwa mkaidi. Kipimo cha awali hakigharimu kitu: simama nyuma yake umbali wa mkono, ziba sikio moja, nong'ona namba na herufi, mwambie arudie, kisha sikio la pili. Akishindwa, apelekwe kwa wataalamu wa masikio kabla ya mtu yeyote kuandika neno "utukutu" kwenye faili. Mtaalamu anayeruka hatua hii anaweza kutumia miezi mitatu kumfundisha utulivu mtoto ambaye tatizo lake ni sikio.

Lugha nayo huponza. Mtoto wa darasa la kwanza anayeongea Kisukuma nyumbani, akipimwa kwa Kiswahili, ataonekana mzito kuliko alivyo. Kujua lugha mbili hakumpi mtoto tatizo la usemi. Swali la maana ni je, kwa lugha ya bibi yake anaongea sawa na watoto wa rika lake pale kijijini? Kama huko nako amebaki nyuma, hapo kuna la kufuatilia.

"Anaanguka, kwa hiyo ni mapepo"

Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na wengi hulivuka bila madhara. Kifafa ni kuanguka kunakojirudia bila homa. Malaria ya ubongo ni njia mojawapo ya kukipata. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba huwaachia baadhi ya watoto kifafa, shida ya kumbukumbu na ya lugha. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alieleza tangu miaka ya 1960 juu ya watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia. Hali hiyo nayo ni aina ya kifafa.

Kuna pia kifafa kisichoangusha. Mtoto anakatiza sentensi, anatazama hewa kwa sekunde chache, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hali hiyo inaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Mwalimu anaandika "haelewi somo". Kwa hiyo mwalimu aulizwe hasa: je, ukimgusa anapozubaa, anashtuka? Anayewaza yake hushtuka. Mwenye kifafa hiki huendelea kutazama hewa.

Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vyenye ncha, usimshikilie, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na uhesabu dakika. Zikipita 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe kituo cha afya. Povu haliambukizi. Imani kwamba linaambukiza ndiyo inayofanya watoto waachwe wakiungua kwenye mafiga, kila mtu akiogopa kuwagusa.

Mwanasaikolojia anaingia wapi? Anamfundisha mlezi kuandika daftari la matukio (tarehe, saa, muda, dawa ilinywewa au la), anakwenda shuleni, anapanga nani achote maji kisimani badala ya mtoto. Na anatazama tabia baada ya dawa kuanza. Fenobabitoni, ambayo ni rahisi na inapatikana, huwafanya baadhi ya watoto wahangaike na wakose utulivu. Familia husema mapepo yamehamia kichwani, wanaikatisha dawa ghafla, na kukatisha ghafla huweza kuleta kuanguka mfululizo kunakoua. Dalili hiyo irudishwe kwa tabibu abadilishe dawa au kiwango. Familia inayotumia mganga, kombe au maombi isigombezwe, maana ikigombezwa itaficha. Makubaliano yawe haya tu: dawa ya hospitali hairukwi hata siku moja, na mtoto hafungwi kamba, hachanjwi chale wala halazimishwi kufunga kula.

"Fomu imetoa alama za juu, basi ni mgonjwa"

Dodoso, yaani fomu ya maswali kuhusu tabia na hisia za mtoto, linalotumika sana ni lile la maswali 25 lililotungwa na Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997, nalo lipo kwa Kiswahili. Maswali yako katika mafungu matano, kila fungu matano. Majibu ni si kweli (0), kweli kiasi (1), kweli kabisa (2). Jumla ya matatizo hutoka kwenye mafungu manne, yaani alama 0 hadi 40. Fungu la tano ni la wema kwa wengine na halijumlishwi humo.

Makosa ni yale yale kila mahali. La kwanza, ndani ya mafungu hayo manne maswali matano (la 7, 11, 14, 21 na 25) yanamsifu mtoto, hivyo alama zake hugeuzwa. Asiyegeuza humpa mtoto mtulivu alama za mtukutu. La pili, msomaji anapomsomea mama asiyejua kusoma huweka sauti ya lawama, na mama hujibu kulinda heshima yake. Mipaka ya alama (kwa mzazi, 17 na kuendelea huhesabiwa juu) ilipatikana kwa watoto wa Uingereza, kwa hiyo hapa ni kidokezo tu. Dodoso linasema nani aangaliwe kwa karibu. Jina la ugonjwa halitoki kwenye karatasi.

"Kikojozi ni mvivu"

Kabla ya miaka 5 hilo si tatizo kabisa. Baada ya hapo, swali la kwanza ni kama aliwahi kukaa mkavu miezi 6 mfululizo. Kama hajawahi, kwa kawaida ni ukuaji wa mwili ambao haujakamilika, na kumfunga chura kiunoni au kumwanikia godoro barabarani hakuuharakishi. Kama alikuwa mkavu kisha akaanza upya, tafuta choo kigumu, maambukizi ya mkojo, au jambo lililomtisha. Akiwa pia ana kiu isiyoisha na anakonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo; kisukari cha watoto huua ndani ya siku chache. Maji anywe ya kutosha mchana, apunguze jioni, akojoe kabla ya kulala.

"Mtukutu amekosa fimbo"

Mwanasaikolojia anayeingia shuleni na kutangaza kwamba viboko ni haramu kisheria atapoteza walimu siku ya kwanza, na hatakuwa sahihi. Kanuni za serikali kuhusu viboko shuleni zinaviruhusu, ila kwa mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Hoja inayoeleweka na walimu ni ya hesabu: fungueni daftari la adhabu, tazameni majina. Yakiwa yale yale muhula baada ya muhula, fimbo haijafundisha kitu.

Mpango mbadala huanza na tabia moja, inayohesabika. "Adabu mbaya" haihesabiki. "Kupiga mdogo wake" inahesabika. Wiki ya kwanza mlezi anahesabu tu kwa kuweka kokoto kwenye kopo kila inapotokea. Wiki ya pili anaanza kusifu kinyume chake papo hapo na kwa maneno kamili: "Umemwachia mdogo wako mpira, vizuri." Kelele za kutafuta macho ya watu zinapuuzwa, kipigo kwa mwenzake kinakatizwa kwa utulivu na mtoto anakaa pembeni dakika chache. Mipango mingi hufia hapa, kwa sababu tabia iliyozoea kupewa macho huzidi kwanza ikinyimwa. Mama anaona kokoto zimeongezeka, anasema mbinu za kitabuni hizi, anarudi kuchapa kwa mwiko. Asipoonywa mapema kwamba siku kadhaa za mwanzo zitakuwa mbaya zaidi, kosa si lake.

"Mtoto hajui msiba"

Anajua kwamba kuna kitu, ila hajui ni nini. Maneno yetu ya staha humchanganya. Akiambiwa baba "amelala", ataogopa kulala. Akiambiwa "amesafiri", atamngoja stendi na kumkasirikia kwa kutopiga simu. Mtoto wa chini ya miaka 6 hivi aambiwe wazi: baba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hapumui, hasikii maumivu, hatarudi, na si wewe uliyesababisha. Sentensi ya mwisho isisahaulike. Watoto wengi hudhani ni wao. Atauliza tena kesho. Jibu lile lile litolewe.

Kinyume chake pia ni kosa. Kumlazimisha mtoto asimulie yote siku chache baada ya ajali au mauaji si tiba, na Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Wiki za kwanza ni za chakula, usingizi, mtu mmoja wa kumshika, na kurudi shule.

Dalili zikidumu miezi, kuna tiba ya hatua kwa hatua, na haihitaji lazima bingwa. Jaribio lililofanywa Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi, likachapishwa 2020, lilitumia washauri wasio wataalamu wa afya ya akili: vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto mmoja mmoja, chini ya usimamizi wa karibu. Mwisho wa tiba, dalili zilipungua zaidi kuliko kwenye huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne (mjini na vijijini kwa kila nchi). Mwanasaikolojia mmoja wa wilaya anafika mbali zaidi akisimamia washauri kumi kila wiki kuliko akiona watoto peke yake.

"Siri ni siri" na "ukimuuliza kuhusu kujiua unamfundisha"

Mipaka ya siri husemwa kabla ya siri kutajwa: "Utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kumuumiza mwingine." Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Kwa mtoto aliyebakwa saa zinahesabika, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72. Atibiwe kwanza; ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wafuate. Asihojiwe mara tano na watu watano. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto.

Kuhusu kujiua, kuuliza hakupandi wazo. Kijana huulizwa akiwa peke yake, kwa maneno ya wazi, na mara nyingi hupumua kwa sababu hatimaye mtu ameuliza. Akikubali, jambo la kwanza nyumbani ni kuziondoa au kuzifungia dawa za mashambani, sumu ya panya na vidonge, ufunguo ukae kwa mtu mzima, na asiachwe peke yake hadi aonwe. Simu ya bure ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia.

"Ameacha kuja, maana yake amepona"

Mara nyingi maana yake ni nauli, palizi, mto umejaa, au shangazi kasema inatosha. Tarehe ya kurudi iangukie siku ya gulio, mama anapokuja mjini kwa shughuli zake, na iandikwe kwenye kadi ile ile ya kliniki badala ya kikaratasi. Asipofika, apigiwe siku hiyo. Asipopokea, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumbani ndani ya wiki, akiwa na swali moja mkononi kutoka kwenye faili: zile kokoto zimefika ngapi?