Asilimia 69 ya watu wangapi?

Tangu matokeo ya sensa ya 2022 yatoke, sentensi moja inanifuata kwenye semina, kwenye ripoti na kwenye makundi ya WhatsApp: "Kusini Unguja inakua mara tatu ya Dar es Salaam." Juzi nimeikuta tena, safari hii ndani ya andiko la kuombea fedha za madarasa. Sasa imetosha.

Takwimu zenyewe hizi. Kusini Unguja ilikuwa na watu 115,588 mwaka 2012, ikafikisha 195,873 mwaka 2022. Dar ilitoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Kwa asilimia, ongezeko la miaka kumi ni 69.5 kwa 23.4. Kwa vichwa ni 80,285 kwa 1,019,187. Yaani watu walioongezeka Dar tu wanazidi mara tano wakazi wote wa Kusini Unguja.

Jambo dogo nilimalize haraka: usigawe 69.5 kwa kumi ukaita 6.95 kiwango cha mwaka. Ongezeko la mwaka huu hukua juu ya ongezeko la mwaka jana. Gawa hesabu ya 2022 kwa ya 2012, chukua logi asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), gawa kwa miaka, zidisha kwa mia, utapata asilimia 5.3 kwa mwaka kwa Kusini Unguja na 2.1 kwa Dar. "Mara tatu" imeshakuwa mara mbili na nusu.

Kinachonichosha zaidi ni dawa wanayoitoa wenzangu wa fani ya takwimu. Wanasema asilimia inawabeba wadogo, kwa hiyo tulinganishe vichwa. Hapana! Vichwa vinawabeba wakubwa, tena bila aibu. Dar ingekua kwa asilimia 0.2 tu kwa mwaka, karibu imesimama, bado ingeongeza watu 88,000 hivi na "kuishinda" Kusini Unguja. Kipimo ambacho mshindi wake unamjua kabla ya kuhesabu hakikufundishi kitu. Vichwa ni jibu la swali jingine, la madarasa na mabomba ya maji, na huko ndiko vinakotakiwa.

Mimi hutumia mchango, yaani sehemu ya ongezeko lote la taifa iliyotoka kwenye mkoa. Tanzania nzima iliongeza watu 16,812,197 katika miaka ile kumi. Dar mwaka 2012 ilikuwa na asilimia 9.7 ya Watanzania, lakini katika ongezeko ilichangia asilimia 6.1. Kusini Unguja ilikuwa na 0.26, ikachangia 0.48. Sasa tunaona yote mawili: Dar ni kubwa lakini imeongeza pungufu ya fungu lake, na Kusini Unguja ni ndogo lakini imeongeza karibu mara mbili ya fungu lake. Mwenye jicho kali atasema kihisabati mchango ukiugawa kwa fungu unapata asilimia ile ile ya ongezeko la mkoa, imegawanywa kwa ile ya taifa. Kweli kabisa. Faida yake ni kwamba ukubwa na kasi vinasomwa pamoja, na msomaji hapati nafasi ya kusahau kimoja.

Halafu kuna udogo wenyewe. Wafanyakazi elfu moja wakihamia kwenye hoteli za Paje na Jambiani, Kusini Unguja ya 2012 inapanda kwa asilimia 0.87. Elfu hao hao wakishukia Dar, inapanda kwa 0.02. Ndiyo maana ukishuka hadi ngazi ya kata na shehia, zile ndogo hujaa juu kabisa na chini kabisa ya orodha, na watu huanza kutafuta siri ya mafanikio mahali ambapo pengine imefunguliwa kambi moja tu ya ujenzi. Na hesabu mbili za sensa, peke yake, hazikuambii nani alizaliwa pale na nani alihamia.

Ila shaka yangu kubwa iko kwenye mipaka. Kati ya 2002 na 2012 Dar ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Je, imechoka ghafla? Tazama jirani yake: Pwani ilitoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Jiji limevuka mpaka kuelekea Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, na mwenye kiwanja kule anahesabiwa Pwani hata kama kila asubuhi yuko Kariakoo. Ukiunganisha mikoa hii miwili unapata asilimia 3.0 kwa mwaka, karibu sawa na 3.2 ya taifa.

Hata hivyo Pwani ina Mafia na Rufiji pia, na hivyo si vitongoji vya Dar. Na nikiitendea Dar hivyo, sina budi kuitendea Kusini Unguja vilevile, maana mji wa Zanzibar nao unasogea kuelekea Tunguu. Iunganishe na Mjini Magharibi: kutoka 709,266 hadi 1,089,042, asilimia 4.3 kwa mwaka. Sensa ni zile zile, lakini pengo kati ya pande hizi mbili, lililokuwa pointi 3.2 za asilimia, limebaki 1.3. Mpaka upi ni wa haki? Kwa madarasa, nitabaki na mkoa, kwa sababu bajeti inagawanywa kimkoa, na nitaandika 80,285. Kwa anayeuliza mji upi unakua kasi, nitaunganisha, na nitamwonyesha mstari nilipouchora ili aweze kunipinga.