Ukomo wa ruzuku si kiwango cha kuomba, jamani

Nimeletewa tena andiko la kuomba ruzuku wiki hii, kikundi kinataka kurekodi nyimbo na masimulizi ya wazee, kazi safi kabisa, watu wapo, wazee wenyewe wamekubali. Nikaruka moja kwa moja kwenye bajeti kama kawaida yangu, nakuta jumla imegota pale pale kwenye ukomo wa mfadhili, yaani kiwango cha juu kabisa anachotoa, mpaka senti ya mwisho. Nikauliza kulikoni, jibu ni lile lile la kila msimu: "Tumeweka juu kidogo, si watakata tu." Sasa nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja kwenye simu, naliandika hapa, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Hawakati. Wengi wao hawakati kabisa. Hii dhana imetoka kwenye miradi mikubwa, ile ya miaka mitatu minne ambayo mfadhili anakaa na wewe mnapitia bajeti mstari kwa mstari, huko kweli kuna kuvutana. Ruzuku ndogo haina kikao hicho. Kuna kamati, kuna rundo la maombi, kuna fomu ya alama, na ofisini kuna mtu mmoja au wawili ambao hawana muda wa kumpigia kila mwombaji waanze kubishana bei ya maikrofoni. Andiko linapita au halipiti. Hapa si sokoni kwamba unataja juu mnunuzi anashusha mnakutana katikati, ukitaja juu anaondoka na wa pembeni yako.

Na kingine, msomaji wa maombi, hasa akishachoka, anaanza na bajeti. Nimekaa upande huo pia kwa hiyo najua ninachosema. Maelezo kila mtu anaandika matamu, "urithi wetu unapotea kwa kasi", sawa, maandiko yote yaliyopo mezani urithi wake unapotea kwa kasi, kwa hiyo sentensi hiyo haimtofautishi yeyote. Bajeti ndo inaonyesha kama mwombaji ameshawahi kukaa akaiwaza kazi yenyewe inavyokwenda, siku ya kwanza nani anafanya nini, akiwa ameshika nini mkononi. Ukiona mstari umeandikwa "Vifaa vya kurekodia na kuhifadhi" alafu mbele yake namba kubwa ya kukisia yenye sifuri nyingi, basi, umeshajua.

Tuchukue hilo hilo la wazee tulipige hesabu. Tuseme mahojiano 20, kila moja saa moja na nusu, hizo ni saa 30 za sauti. Ukirekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo, biti 24, kilohezi 48, kila saa inakula gigabaiti moja na kidogo, kwa hiyo sauti yote ni kama gigabaiti 31. Weka nakala tatu, moja ikae jengo jingine kabisa, bado hata gigabaiti 100 hujafika. Sasa zile diski tatu za terabaiti nane nane ulizoandika ni za nini? Video? Hujataja video popote kwenye maelezo. Mhakiki, yaani yule msomaji wa maombi, anajua hesabu hii, au pembeni yake kuna mtu anayeijua, na hapo hapo anaanza kujiuliza na mistari mingine imepatikanaje.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtu huyo huyo aliyejaza madiski ameacha kitu kinachokula hela kwelikweli, kunakili, yaani kuyageuza mahojiano kuwa maandishi. Saa moja ya sauti inamchukua mtu mzoefu saa nne mpaka sita kuiandika neno kwa neno, na hiyo ni sauti safi ya mtu mmoja anayeongea taratibu. Weka wazee watatu wanaokatizana, mmoja anaimba katikati ya sentensi, upepo kwenye maikrofoni, alafu juu yake uongeze tafsiri, hiyo namba inapaa tu. Ukichukua sita, saa 30 zinakuwa saa 180, ukimpa mtu saa sita za kusikiliza kwa siku (zaidi ya hapo masikio yanakufa, anaanza kuandika anachodhani amesikia) ni siku 30 za kazi. Mwezi mzima na zaidi ukitoa wikiendi! Mstari wake uko wapi? Haupo. "Vijana watajitolea." Haya.

Wanaopiga picha nyaraka nao ni hivyo hivyo. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), TIFF isiyobanwa, yaani faili la picha lenye ubora wote, ni kama megabaiti 26, ukipanda dpi 400 unagusa 46. Kurasa 5,000 kwa dpi 400 ni gigabaiti 230 hivi. Hiyo ni hesabu ya dakika mbili, lakini muda wa kazi huwezi kuukisia ukiwa umekaa kwenye kiti. Chukua kurasa 50 za kweli, na vumbi lake na zile pini zilizoota kutu, toa pini, safisha, piga picha, yape mafaili majina, jaza maelezo yake kwenye jedwali, angalia saa. Alafu zidisha. Utakuta kupiga picha ndo sehemu fupi kuliko zote, kujaza jedwali kunakula mara nyingi zaidi, na bila jedwali ulichonacho ni picha elfu tano ambazo hakuna atakayepata kitu ndani yake. Ukishafanya jaribio hilo namba ya bajeti inajileta yenyewe. Kama imetoka nusu ya ukomo, omba nusu ya ukomo.

Usinielewe vibaya, kuomba kidogo mno nako ni tatizo. Kuna vikundi vinajinyima ili vionekane vinyenyekevu, vinaandika kila mtu anajitolea, mzee anasimulia bure, mwandishi anaandika bure, mwenye gari anaweka mafuta yake. Mhakiki haoni unyenyekevu, anaona mradi utakaokwama mwezi wa pili. Kazi ya kujitolea iandike, ipe thamani yake, iweke kwenye safu ya mchango wa kikundi. Mfuko wa urithi wa Uingereza unaolishwa na bahati nasibu, ulioanza 1994, unahesabu muda wa watu wanaojitolea kama mchango, na si wao peke yao. Na mzee mlipe. Kuna wanaosema ukimlipa msimulizi unaharibu masimulizi, mimi naona aliyeajiriwa kwenye mradi huwa hasemi mshahara wake unaharibu chochote.

Sasa majengo. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo hii tabia ya kujaza bajeti inageuka kuwa hatari, na watu hawalioni. Kwenye miradi mingine hela iliyozidi inapotea kwenye semina na maji ya chupa, mnaandika ripoti, yanaisha. Kwenye jengo la zamani hela iliyozidi inalifanyia kitu jengo. Mliomba mkijua kuna ufa kwenye ukuta mmoja na paa linavuja kona moja, mkajaza mpaka ukomo, bahati mbaya mkapewa. Hela lazima iishe kabla ya tarehe ya ripoti, ikibaki inarudi. Basi mnavua plasta ya kuta zote, mnabadilisha milango ambayo ilikuwa bado mizima, mnajengea kibaraza ambacho hakuna mwenye uhakika kama kiliwahi kuwepo. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema wazi ukarabati unakoma pale ambapo kubahatisha kunaanza, na ule wa Burra wa Australia, 1979, unataka ufanye kadiri inavyohitajika lakini kwa uchache iwezekanavyo. Wahakiki wa mambo ya majengo wengi wamelelewa na maandiko hayo mawili. Wakiona "ukarabati kamili wa jengo lote" kwa hela ndogo na miezi sita, hawaoni ari, wanaona balaa.

Ile miezi sita yenyewe pia. Plasta ya chokaa inakaza kwa kuvuta hewa ya ukaa, taratibu, tabaka kwa tabaka, inataka kivuli na unyevu kidogo, haitaki jua kali wala mvua. Huwezi kuiharakisha. Dedilaini ikikaribia fundi anafanya anachojua kitawahi, anatia saruji. Saruji mara nyingi ni ngumu kuliko jiwe na chokaa vilivyoko nyuma yake, unyevu uliokuwa unatokea ukutani unakosa njia, chumvi zinajijenga ndani zinasukuma, miaka michache baadaye plasta inabanduka na uso wa jiwe. Kwenye ripoti ya mwisho picha ni nzuri sana, nyeupe peee. Kwa hiyo nikikwambia omba ufa na kona ya paa tu, sikubanii, nakulinda na tarehe ya ripoti.

Mengine haraka haraka. Usajili wa kikundi, katiba, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini zaidi ya mmoja, hivyo uwe navyo kabla tangazo halijatoka, maana tangazo likitoka huna wiki za kuzungushwa ofisini. Kotesheni tafuta hata kama fomu haijadai. Makato ya benki na ya kubadilisha fedha yahesabu, yanauma. Soma nani anaruhusiwa kuomba: kila mwaka kuna mtu anataka kuiandikia UNESCO moja kwa moja, wakati msaada wa Mkataba wake wa 2003 wa urithi usioshikika, yaani nyimbo, mila na ujuzi, unaombwa na serikali iliyoridhia, kikundi kinapitia huko, hata kwa yale maombi ya mpaka dola 100,000 yanayoamuliwa na Biro, yaani viongozi wa Kamati ya mkataba huo, bila kusubiri kikao cha Kamati nzima. Na soma wanataka nini baada ya mradi. Programu ya nyaraka zilizo hatarini ya British Library, iliyoanza 2004, haihamishi nyaraka halisi nje ya nchi, ila nakala za kidijitali zinawekwa wazi watu wazione. Kwa daftari za hesabu za zamani hamna shida. Kwa wimbo wa jando ambao wenyewe hawataki uimbwe mbele ya kila mtu ni shida kubwa, na swali hilo waulize wenye wimbo kabla hujafungua fomu, ukishasaini umechelewa.

Sasa niseme na yale yanayonisumbua, maana nisipoyasema mtanikuta nayo huko mbele. Wapo waliojaza bajeti na wakapata, nawajua, na wapo walioandika bajeti safi kama kioo wakakosa mara kwa mara. Alama za wahakiki wawili juu ya andiko moja zinaweza kupishana mpaka ukajiuliza kama walisoma kitu kimoja. Nina uhakika bajeti ya kweli inasaidia, inakutoa kwenye nusu ya chini ya rundo, lakini pale juu ambapo maandiko kumi mazuri yanagombea nafasi tatu, sijui kinachoamua ni nini, na anayekwambia anajua muulize amekaa kamati ngapi.

Na ile sehemu ya uendelevu, "mradi utajiendeshaje baada ya ruzuku kuisha", tunatunga wote. Waombaji wanatunga, wahakiki wanajua inatungwa, na alama zinatolewa. Mkusanyiko wa sauti hauingizi hela. Diski zinataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, mtu wa kuzibadilisha anataka kula, na mfadhili wa matengenezo ya kawaida karibu hayupo, kila mmoja anataka kitu kipya cha kupiga picha. Mimi siku hizi nashauri watu waandike ukweli mdogo: faili zitakaa kwenye taasisi fulani iliyokubali kwa barua, barua hii hapa, fulani mwenye cheo fulani atazikagua mara moja kwa mwaka. Hainogi kama "kituo cha utalii wa utamaduni kitakachojiendesha", lakini angalau inawezekana.

La mwisho, kabla hujabonyeza kutuma, jumlisha bajeti kwa mkono. Mnaongeza mstari chini kabisa ya jedwali la Excel dakika za mwisho na fomula haiushiki, jumla ya kwenye jedwali inakuwa moja, ya kwenye muhtasari nyingine, ya kwenye barua ya utangulizi nyingine tena, na mhakiki anazo zote tatu mbele yake.