Kipimo cha Damu Hakipimi Huzuni: Maelezo kwa Watumiaji wa Dawa za Sonona

Dirisha la maabara yetu limekuwa likipokea watu wengi wenye ombi moja: "Nipimeni damu nijue kama dawa yangu ya sonona bado inafanya kazi." Wengine hurudi kulalamika kwamba wamenyimwa huduma. Hawakunyimwa. Walielezwa kuwa swali lao halijibiwi na damu.

Kipimo hiki huonyesha kiasi cha dawa kilichokuwa kwenye damu saa ile sampuli ilipochukuliwa, basi. Hakioni usingizi uliorudi, wala mama aliyeanza tena kufungua genge lake asubuhi. Hayo huulizwa kliniki, kwa mazungumzo na kwa dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, lenye alama 0 hadi 27. Alama zikishuka kwa nusu au zaidi, tunahesabu kuwa mgonjwa ameitikia tiba, hata namba ya maabara ikiwa ndogo. Mtu aliyepata nafuu haongezewi dozi ili karatasi ipendeze!

Manufaa ya kipimo hutegemea dawa. Kwa amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, tunajumlisha na notriptilini inayotengenezwa na ini kutokana nayo, na kiwango kinachotarajiwa ni nanogramu 80 hadi 200 kwa mililita. Kikipita 300 daktari hujulishwa mara moja, kwa sababu ya hatari ya kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Kwa fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, uhusiano kati ya namba na nafuu ni dhaifu. Hapo kipimo husaidia zaidi kujua kama dawa inamezwa, au kama kuna dawa nyingine inayoingiliana nayo.

Mwingiliano huo ndio ningependa watu waujali. Mgonjwa anaendelea vizuri na amitriptilini, kisha anaanza dawa za kifua kikuu. Rifampisini iliyomo huchochea vimeng'enya vya ini, yaani kemikali za mwili zinazovunja dawa, na baada ya wiki chache amitriptilini inapungua kwenye damu ingawa hajaruka hata kidonge kimoja. Huzuni ikirudi, nyumbani husema dawa imezoeleka mwilini. Haijazoeleka, inaondolewa haraka. Daktari akiongeza dozi, hatari huhamia upande wa pili: tiba ya kifua kikuu ikiisha, ini hutulia na kiwango hupanda. Kwa hiyo mwambie daktari wako siku unayoanza dawa hizo na siku unayomaliza.

Daktari akiagiza kipimo, fomu iwe na jina la dawa, dozi, tarehe dozi ilipobadilishwa mara ya mwisho, saa ya kumeza, na dawa nyingine zote, mitishamba ikiwemo. Dozi isiwe imebadilishwa karibuni: kwa amitriptilini angalau wiki moja, kwa fluoksetini takribani wiki 5. Aliyemeza saa 2 usiku atolewe damu saa 2 asubuhi. Anayemeza asubuhi tu aje kesho yake kabla ya kumeza. Kufunga chakula si lazima. Tumelisema hili mara nyingi mno. Wala usimeze vidonge vya ziada siku mbili kabla ili jibu liwe zuri, maana utapangiwa dozi isiyo yako. Kwa amitriptilini, damu iwekwe kwenye kichupa kisicho na jeli, kwani jeli hunyonya dawa na jibu hushuka kwa uongo. Sampuli isiyoandikwa saa ya kumeza dawa hurudishwa, hata ikitoka wodini.

Jibu huenda kwa daktari aliyeomba. Mwenzi au mwajiri hapewi bila ridhaa yako. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wakati wa kusubiri jibu, usiache dawa ghafla wala kujipunguzia. Na mwenye mawazo ya kujiua asisubiri jibu wala tarehe ya kliniki: aje kitengo cha dharura usiku huohuo, akiwa na fomu au hana.